Jina Chini ya Mchoro

Mwaka 1974 niliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya mhandisi wa majengo iliyokuwa kando ya Racecourse Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwetu Kariokor. Ilikuwa ofisi ya vyumba viwili: kimoja cha Bwana Injinia, kingine chetu sisi wengine, pamoja na meza ya kuchorea iliyomeza nusu ya nafasi. Nilikaa pale hadi alipostaafu na kufunga mlango. Yote ninayoyajua kuhusu usajili wa wahandisi niliyapata nyuma ya taipureta, si bungeni wala chuo kikuu. Nayaandika sasa kwa kuwa wengi niliofanya nao kazi wametangulia mbele ya haki, na majengo bado yanaporomoka.

Sisi watoto wa Kariokor tulikua tukitazama ujenzi. Mtaa ulirithi jina kutoka kwa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye ukawa mtaa wa vyumba vya wafanyakazi, na miaka ya 1960 vyumba vile vikapisha magorofa. Sokoni walikuwapo wasusi wa vyondo na washonaji wa akala, moshi wa nyama choma ukiwapitia siku nzima, na ukivuka kuelekea Gikomba ulikuta wauza mbao, mabati na vyuma. Fundi hakukosekana. Mtu akitaka kuongeza chumba alimwita fundi, wakapatana bei, kesho yake kazi ikaanza. Tena yeyote aliyeweza kufungua injini ya lori au redio iliyonyamaza tulimwita injinia, na hakuna aliyeona ajabu.

Sheria ilikuwa imekwisha kusema vingine. Mwaka 1969 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Usajili wa Wahandisi, ile ya Sura ya 530, na kuunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Tanzania ilikuwa na sheria yake tangu 1968, na Uganda ikapata yake mwaka huo huo wa 1969. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Wageni wengi walikuwa bado wanachora madaraja na mabwawa yetu, huku vijana wetu wa kwanza wakitoka chuoni Nairobi au wakirudi kutoka ng'ambo. Ilibidi liwepo daftari moja la taifa la kuonyesha nani amesomea kazi hii, nani amefanya mazoezi chini ya mkubwa wake, nani amepimwa na wenzake wakaridhika naye. Aliyekuwa nje ya daftari hilo hakuwa na haki ya kujitangaza kuwa mhandisi aliyesajiliwa.

Cheti cha Bwana Injinia kilining'inia ukutani, juu ya kabati la michoro. Muhuri wake wa mpira, wenye jina lake na nambari yake ya usajili, ulikaa kwenye droo ya meza yangu, na ufunguo ulikaa kwangu. Wiki ya kwanza alinipa daftari jeusi akaniambia, "Binti yangu, hapa utaandika tarehe niliyokwenda kuona kiwanja na tarehe niliyokwenda kuona msingi. Kama hakuna tarehe, hakuna muhuri. Hata nikiuomba mimi mwenyewe." Nilidhani ni agizo la serikali. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuisoma sheria yenyewe kwa kuwa niliichapa mara nyingi kwenye barua, niligundua kwamba agizo hilo halikuandikwa popote. Lilikuwa sharti lake mwenyewe. Sheria ilitaka jina lake liwe chini ya mchoro. Yeye aliongeza kwamba kabla ya jina kufika, miguu yake iwe imefika.

Mara moja moja alinichukua nikaandike maelezo, maana hati yake ilikuwa haisomeki. Ndivyo nilivyoanza kuelewa kazi yenyewe. Nakumbuka kiwanja kimoja upande wa mashariki mwa jiji, kwenye ule udongo mweusi ambao kila mkazi wa Eastlands anaujua kwa viatu vyake wakati wa masika. Vibarua walikuwa wamechimba shimo la majaribio lililomzidi mtu kimo. Bwana Injinia alivua koti, akashuka kwa ngazi, akachokoa bonge la udongo ubavuni mwa shimo kwa kisu cha mfukoni. Alilitia maji kidogo, akalifikicha kati ya viganja mpaka likawa kama uzi mrefu, mwembamba kuliko kalamu yangu. Halikukatika. "Umeona?" akaniuliza kutoka chini. "Huu ukinywa maji unavimba na kuinua nyumba. Ukikauka unajikunja na kuiachia. Mwaka hadi mwaka, mpaka ukuta upasuke." Akaagiza wachimbe tena hadi wafikie mwamba, na kipande cha udongo kipelekwe maabara kupimwa.

Mwenye kiwanja alinung'unika. Alisema pesa zake zinazikwa mahali ambapo hakuna mpangaji atakayeziona. Bwana Injinia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole kwamba mpangaji hataziona kweli, ila atalala juu yake.

Wajiolojia hawakuwa na bodi yao siku zile. Aliyesema anajua mahali pa kuchimba kisima, au kwamba mwamba uko karibu, ulimpima kwa maneno yake tu. Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia ilikuja mwaka 1993. Bwana Injinia aliipokea kwa furaha kubwa, akasema kwamba sasa naye ana mtu wa kumwuliza kuhusu ardhi ambaye pia ameweka jina lake mahali.

Lakini lililonifundisha zaidi ni jambo la mzee mmoja mfanyabiashara wa Gikomba. Alikuwa mtu wa heshima, jirani yetu wa siku nyingi, na alikuwa amechorewa nyumba ya kupangisha ya ghorofa tatu. Msingi ulipimwa kwa tatu, nguzo zikapimwa kwa tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaja ofisini asubuhi, akaweka kofia magotini.

"Bwana Injinia, mimi si mgeni kwako. Watu wanatafuta vyumba kila siku. Niongezee mbili juu, ziwe tano."

"Mzee wangu, nguzo za chini hazikupimwa kwa mzigo huo."

"Tutatia simiti nzuri."

"Simiti nzuri hainenepeshi nguzo iliyokwisha simama. Ukitaka tano, tuanze upya kutoka kwenye msingi, na gharama nitakuandikia."

Mzee alinyamaza kitambo. Chai niliyomwandalia hakuigusa. Akasema, kwa sauti isiyo ya ugomvi, kwamba kuna wahandisi wengine mjini. Bwana Injinia akamsindikiza hadi ngazini, akarudi, akafunga faili.

Haukupita muda mrefu fundi wa yule mzee akatujia na michoro chini ya kwapa. Alitaka kijana wetu wa ufundi amsomee vipimo vya ghorofa ya nne, maana havikumwingia akilini. Nikautazama mchoro. Chini yake palikuwa na jina la mhandisi mwingine, sahihi yake, na nambari yake ya usajili. Nambari ilikuwa ya kweli. Mtu huyo alikuwamo kwenye daftari la bodi kama wetu. Nikamwuliza fundi, "Huyu amekuja lini kuona kazi?" Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kigeni. "Dada, mimi sijawahi kumwona."

Tangu siku ile nilijua ufa wa sheria ulipo. Watu hudhani hatari yote iko kwa laghai asiyesoma, anayejipachika cheo. Wapo hao, na sheria ina haki ya kuwakamata. Ila mchoro ule haukuwa na laghai. Ulikuwa na msomi aliyehitimu, akapimwa, akaaminiwa na taifa, kisha akaikodisha imani ile kwa bei ya siku moja. Kwa karatasi kila kitu kilikuwa sawa.

Lazima niseme pia juu ya yule kijana wetu wa ufundi. Alizaliwa Ziwani, akasomea Kenya Polytechnic, na ndiye aliyeshinda juani kwenye mijengo yetu yote. Ndiye aliyekuwa akipanda kabla zege halijamwagwa, akahesabu vyuma kimoja kimoja na zile ringi zinazovifunga, akipima nafasi kati ya ringi na ringi kwa rula. Ndiye aliyejaza zege kwenye vyombo vya mchemraba vya sentimita 15 kila upande, akaiandika tarehe michemraba ilipoganda, akaipeleka kupondwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili ijulikane zege lina nguvu kiasi gani. Akimkuta kibarua anamimina ndoo ya maji kwenye mchanganyiko ili uteleze vizuri kwenye karai, alisimamisha kazi, hata kontrakta akifura. Kwa miaka mingi huyu hakuwa na jina popote katika sheria. Mhandisi alisajiliwa, mbunifu wa majengo na mkadiriaji gharama walikuwa na bodi yao tangu enzi ya mkoloni, yeye aliyekuwa macho ya wote hakuwa mtu wa daftari lolote. Sheria ilipogeuzwa kidogo mwaka 1992 ikawapa mafundi sanifu nafasi ya kusajiliwa, alinijia na fomu niichape. Niliichapa mara mbili ili isiwe na kosa hata moja.

Wakati huo Nairobi ilikuwa imebadilika. Serikali ilikuwa imelivunja Baraza la Jiji mwaka 1983, na tukaongozwa na Tume ya Jiji hadi uchaguzi wa 1992. Watu walimiminika kutoka mashambani. Kila kipande cha Eastlands kilitafuta namna ya kwenda juu, na ghorofa ziliongezwa juu ya nyumba zenye wapangaji ndani. Ungeamka ukakuta vyuma vimechomoza juu ya paa la jirani, na kabla ya Krismasi kuna mapazia madirishani. Kanuni za ujenzi tulizotumia zilikuwa za mwaka 1968.

Mei 1996, katika wiki za mvua kubwa, duka la Sunbeam liliporomoka katikati ya jiji, wanunuzi na wafanyakazi wakiwa ndani. Habari zilitufikia ofisini kwa mdomo kabla ya redio. Bwana Injinia alichukua koti akatoka bila kusema neno. Alirudi usiku, viatu vimejaa vumbi lililogeuka tope, akakaa kwenye kiti cha wageni badala ya chake. Alisema kitu kimoja tu: kwamba jengo huwa linaongea kabla ya kuanguka, na kazi ya mhandisi ni kuwa karibu alisikie.

Baada ya hapo woga uliingia mjini, na ulikuwa woga wa manufaa. Wenye nyumba walianza kuja wenyewe kuomba zikaguliwe. Mmoja wao alikuwa mtoto wa yule mzee wa Gikomba. Baba alikuwa amefariki, naye amerithi zile ghorofa tano. Wapangaji wa chini walilalamika kwamba milango haifungi.

Nilikwenda na wenzangu wa ofisi kuandika. Kijana wetu, ambaye sasa alikuwa na mvi, alichagua nguzo moja pembeni mwa ngazi, akabandua plasta kwa nyundo na patasi. Zege lilikuwa linamomonyoka kwa kidole. Kokoto zilitoka nzima, kama karanga ndani ya kashata iliyokosa sukari. Ndani yake vyuma vilikuwa vimekula kutu. Akaweka rula. Mchoro ulisema ringi zifuatane kila sentimita 20. Kati ya ringi ya kwanza na ya pili palipita mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Akapima tena, akanisomea namba polepole ili niandike, na sauti yake ilitetemeka. Yule mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu. Juu yetu watoto walikuwa wakikimbia koridoni, tukisikia vishindo vyao kwenye slabu.

Bwana Injinia aliandika siku hiyo hiyo. Wapangaji wote watoke, ghorofa mbili za juu zibomolewe kwa mkono, nguzo za chini ziimarishwe kwa vyuma na zege jipya. Nampa heshima yule kijana mwenye nyumba, kwa sababu alifanya yote, ingawa yalimgharimu kodi na marafiki. Nyumba ilibaki na ghorofa tatu, kama ilivyochorwa mwanzo.

Si kila jengo lilipata bahati hiyo. Januari 2006 jengo la ghorofa kadhaa lililokuwa likijengwa Nyamakima, chini kidogo ya tulipokuwa na ofisi, liliwafunika vibarua waliokuwa kazini, hata waokoaji wakaja kutoka Israel kusaidia. Dar es Salaam, Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Na usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, huku kwetu, nyumba ya ghorofa sita iliyokuwa kando ya mto, mtaani Huruma, iliporomoka kwenye mvua. Waliokufa walifika 52. Huruma ni mwendo mfupi tu kutoka Kariokor ukifuata Juja Road. Tulikuwa na watu kule, na tulikwenda kusimama na wenzetu waliokuwa wakisubiri majina.

Kwingineko duniani maafa ndiyo yaliyoandika sheria. Jimbo la Texas, Marekani, lilianza kuwasajili wahandisi wake mwaka 1937, baada ya gesi kulipua shule ya New London na kuua watoto na walimu karibu 300. Sisi tulikuwa na sheria mapema, tukiwa taifa changa lisilo na msiba wa namna hiyo, na ni jambo la kujivunia. Kinachouma ni kwamba misiba ilikuja sheria ikiwa tayari kabatini.

Bunge halikukaa bure. Mwaka 2011 lilipitisha Sheria mpya ya Wahandisi, iliyoanza kazi 2012, na bodi ya zamani ikawa Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na hupitia miaka isiyopungua 3 ya kazi inayosimamiwa, pamoja na mtihani wa taaluma, kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Aliyekwisha sajiliwa hutakiwa kuendelea kujisomea, na leseni yake ihuishwe. Mwaka huo huo wa 2011 iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya kuwasajili makontrakta na kusimamia mijengo. Mwaka 2024 kanuni mpya za ujenzi zilitangazwa kuchukua nafasi ya zile za 1968, ambazo zilikuwa zimetutumikia kupita umri wake.

Lakini sheria ile ya 2011 iliwaacha nje mafundi sanifu. Mtu aliyesubiri hadi 1992 kuandikwa alijikuta tena hana daftari. Walipigania haki yao, na mwaka 2016 ikapatikana sheria ya teknolojia ya uhandisi pamoja na bodi yake. Mwenzetu wa Ziwani alikuwa amekwisha kustaafu. Alikuja kunionyesha tangazo gazetini, amelikunja ndani ya shati, na tulikunywa chai nyumbani kwangu mpaka jioni tukizungumza juu yake.

Kuna wanaosema bodi hizi ni vizuizi, kwamba zinawanyima vijana kazi na kuongeza gharama ya kujenga. Nimewasikia, na si kila wanalosema ni uongo. Najua wazazi waliouza ng'ombe wakasomesha mtoto uhandisi, kisha bodi na vyuo vikavutana juu ya kozi ipi itambuliwe, mtoto akabaki katikati na shahada mkononi. Jambo hilo ni dhuluma, na suluhisho lake ni wakubwa wapatane kabla mwanafunzi hajalipa karo. Siwezi hata hivyo kukubali kwamba dawa yake ni kulegeza daftari. Nimeona mkono wa mtu mzima ukipita mahali ambapo ringi ilipaswa kuwapo.

Hukumu yangu, baada ya miaka yote ile, ni kwamba usajili ni nusu ya kazi. Bodi inaweza kunihakikishia kwamba mtu huyu anajua. Haiwezi kunihakikishia kwamba alikuja. Sharti la daftari letu jeusi lingefaa kuwa sheria ya nchi: kila hatua ya mjengo, shimo, msingi, nguzo na slabu, iwe na tarehe ya mhandisi kufika, imeandikwa mahali ambapo mpangaji yeyote anaweza kuisoma, na asiyefika apoteze leseni kama dereva mlevi anavyopoteza yake.

Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, ndugu msomaji, fanya lililo mkononi mwako. Ukitaka kujenga, au kupanga, au kumnunulia mama nyumba, uliza jina la mhandisi na nambari yake. Orodha ya Bodi ya Wahandisi iko wazi kwa umma. Tafuta jina hilo humo. Kisha nenda kwenye mjengo, usimwulize mwenye nyumba, mwulize fundi: injinia alikuja lini mara ya mwisho? Fundi akikwambia hajawahi kumwona, usilipe hata shilingi.